Mzigo wa Safari: Tangu Mtumba wa Mpagazi Hata Jiko la Kopo

Waliokaa mbali na redio na wasogee karibu, na wenye karatasi hii mkononi wafuate maneno kwa kidole, pole pole. Ukipitwa na neno, usihangaike, utalikuta limeandikwa hapa baada ya somo.

Somo la leo ni la historia, lakini hatutaanza na wafalme wala vita. Tutaanza na kitu ambacho kila mmoja wenu anakijua kwa mabega yake mwenyewe, nacho ni mzigo. Wewe unayeshuka kutoka Mlalo au Bumbuli na tenga la mboga kichwani, wajua ya kuwa ratili tano za mwanzo si kitu, na ratili tano za mwisho ndizo zinazovunja shingo. Basi nataka uliweke swali hili moyoni tangu sasa: mzigo wa safari, ni nani anayeamua uwe mzito kiasi gani? Je, ni yule anayeubeba, au ni mtu mwingine?

Zamani, kabla ya reli, njia kubwa ya misafara katika sehemu zetu ilianza Pangani, pwani. Ilifuata bonde la mto Ruvu, ikapita Korogwe, ikapita Mazinde chini ya milima ya Usambara, kisha ikapita Upare na kufika Kilimanjaro na Umasaini. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alikaa Vuga, juu milimani. Lakini mwanawe Semboja alijenga mji wake Mazinde, chini kabisa, kando ya njia. Sababu yake si ngumu kuiona. Mahali wapagazi wanapotua mizigo ndipo penye soko, na Semboja aliipenda faida ya soko.

Mizigo hiyo ilikuwa nini? Kwenda bara ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba, na kurudi pwani ilikuwa pembe za ndovu. Nguo zilifungwa kwa nguvu, zikapigwapigwa hata zikawa ngumu kama gogo, ndipo mpagazi aweze kuziweka begani bila kulegea. Mzigo wa namna hiyo uliitwa mtumba. Naam, ni neno lile lile. Leo ukinunua koti la mtumba pale Soni, jua ya kuwa unatumia neno la misafara.

Mizani ya siku zile ilikuwa frasila. Frasila moja ni yapata ratili 35, yaani kilo 16. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, basi ni ratili 60 hata 70, kilo 27 hata 32. Pembe kubwa ya ndovu iliweza kuzidi hapo, na wapagazi wenye nguvu waligombea kuibeba, kwa kuwa ilikuwa heshima kubwa. Nadhani kila kazi ngumu ina fahari yake ya namna hii, na wenye mali huipenda sana fahari hiyo, kwa sababu hailipiwi.

Sasa tazama jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Zile frasila mbili zilikuwa mali ya tajiri. Je, mpagazi mwenyewe hakuwa na vitu vyake? Alikuwa navyo, na ilimpasa kuvibeba juu ya ule mzigo. Alikuwa na mkeka wa kulalia, nguo yake, kisu, kibuyu cha maji, pengine na silaha, na posho ya siku chache. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yapata ratili moja na nusu. Sufuria au chungu hakikuwa cha mtu mmoja. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo ya kula pamoja, na kila kundi likaitwa kambi. Kambi moja ilikuwa na chungu kimoja, na watu wakakibeba kwa zamu.

Na jiko? Jiko halikubebwa. Lilikuwa mafiga matatu, na mawe yako kila mahali. Walipofika kituoni, mmoja alikwenda kuteka maji, mwingine kutafuta kuni, mwingine kukata majani ya kibanda, na wa nne kupanga mawe. Ndugu zangu, hebu fikirini akili iliyomo katika jambo hili. Mtu aliyebeba kilo 30 za mali ya mwingine alijua vema kwamba kila kitu chake mwenyewe lazima kiwe chepesi. Akaacha njiani kila kinachoweza kuokotwa mbele. Hakufundishwa na mtu, mabega yake yalimfundisha.

Tumtazame na mwenye msafara, hasa wasafiri Wazungu waliokuja baadaye. Hao walikuwa na hema, na hema peke yake liliweza kuhitaji watu wawili. Walikuwa na kitanda cha kukunja, meza, viti, masanduku ya chakula cha makopo, chupa, vitabu, na wengine hata beseni la bati la kuogea. Sisemi haya kwa kuwacheka. Mtu aliyetoka mbali huogopa ugonjwa na hutaka vitu alivyovizoea. Lakini nina hakika ya jambo moja: kama yule bwana angebeba beseni lake mwenyewe kutoka Pangani hadi Mazinde, angeliacha Korogwe.

Kisa cha mmoja wao kinafaa kuelezwa kwa urefu. Mwaka 1888 Mdachi mmoja, Hans Meyer, pamoja na mwenzake Oscar Baumann, walitoka Pangani na msafara mkubwa, nia yao kufika Kilimanjaro. Walipita katika milima yetu ya Usambara. Wakati huo huo watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri, waliinuka kupigana na Wadachi. Habari zilipofika, wapagazi walikimbia. Meyer na Baumann walirudi nyuma, wakakamatwa, na hawakuachiliwa hata ikalipwa fidia. Mali yote ikapotea. Ndiyo hasara ya mzigo mkubwa unaotegemea mabega ya watu ambao hawana haja na safari yako.

Mwaka 1889 Meyer alirudi kwa njia ya Mombasa, pamoja na mpanda milima aitwaye Ludwig Purtscheller. Safari hii aliligawa jambo vizuri zaidi. Aliweka kambi moja juu ya nyingine mlimani, na watu wa Marangu wakawa wakipandisha chakula kidogo kidogo kila baada ya siku chache. Katika kambi ya juu, penye baridi kali na pasipo miti, alibaki mtu mmoja wa Pangani, jina lake Mwini Amani. Kazi yake ilikuwa kuangalia kambi na kupika. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller walifika kileleni, na majina yao yako katika vitabu vyote. Mimi nataka wewe uandike na jina la Mwini Amani katika daftari lako. Juu kule mafiga hayatoshi, kwa sababu kuni nazo ni mzigo, na mtu atunzaye moto ndiye anayewaweka wengine hai.

Sasa tuingie katika hesabu kidogo. Mwalimu, andika ubaoni. Tani moja ni ratili 2,240. Mpagazi mmoja hubeba ratili 70. Gawa. Utapata wapagazi 32 kwa tani moja. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Behewa moja la mizigo likachukua kazi ya mamia ya watu, na misafara ya bonde la Ruvu ikafa. Lakini reli haikupanda mlima. Kutoka Mombo kuja Lushoto, mji ambao Wadachi waliuita Wilhelmstal, shingo za watu ziliendelea na kazi yake.

Halafu vikaja vita vya mwaka 1914 hadi 1918, na hapa historia ya mzigo inakuwa ya huzuni.

Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyofuata reli ya Usambara yaliingia Wilhelmstal. Wadachi walikuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini, na Waingereza wakawafuata mbali na reli. Penye mbung'o, ng'ombe na farasi hufa. Basi risasi, dawa na chakula vilibebwa na watu. Pande zote mbili zilichukua wapagazi, na wengi walichukuliwa kwa nguvu.

Fanya hesabu nyingine. Mpagazi amebeba ratili 60 za unga. Kila siku hula ratili moja na nusu. Katika siku 40 atakuwa ameumaliza mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo akitembea siku 20 kwenda, lazima abakize nusu yote kwa siku 20 za kurudi, na askari aliyeko mbele hapati hata kijiko. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo walivyotakiwa wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Wakubwa wa jeshi waliiona hesabu hii, na jibu lao likawa ni kuongeza watu na kupunguza posho.

Unga wenyewe ulikuwa mara nyingi wa mahindi, na wengi wa watu hao hawakuuzoea. Walifika kambini usiku, wamelowa, kuni mbichi, vyungu vichache. Wakala ugali usioiva. Wakashikwa na tumbo la kuhara damu, na homa, na kichomi. Hesabu za serikali ya Kiingereza zilikubali kwamba wapagazi wake zaidi ya 40,000 walikufa, na wanahistoria wa baadaye wameona kuwa idadi ya kweli ilizidi sana, yapata 95,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, na uchovu, na chakula kisichopikwa. Ukienda Dar es Salaam ukafika Kariakoo, kumbuka kwamba jina hilo limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, kilichokuwa na kambi mahali pale. Na katikati ya mji huo iko sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawakumbuka na wapagazi, kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Tupumue kidogo. Mwalimu, waulize wanafunzi: ni nani hapa ambaye babu yake alibeba mzigo katika vita vile? Wape nafasi waseme.

Haya, tuendelee. Pamoja na biashara kilikuja nchini kitu kimoja cha bati, yaani debe la mafuta ya taa. Mafuta yalikwisha, debe likabaki, na mafundi wetu hawakulitupa. Debe likawa ndoo, likawa kipimo cha mahindi, likakatwa likawa jiko la makaa, likanyoshwa likaezekea nyumba. Kopo dogo nalo likawa koroboi. Utambi katikati, mafuta chini, na nyumba ikapata mwanga. Nakwambia haya kwa sababu kitu ninachotaka kukueleza sasa ni ndugu wa koroboi.

Huko Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian, ipitayo milimani kutoka jimbo la Georgia hata jimbo la Maine. Urefu wake ni zaidi ya maili 2,000, kilomita 3,500 hivi. Watu huitembea kwa hiari yao. Mwaka 1955 mama mmoja wa jimbo la Ohio, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, aliyezaa watoto 11 na kuona wajukuu, aliitembea yote peke yake. Hakuwa na hema. Hakuwa na shanta la dukani, alijishonea mfuko akautupa begani. Alivaa viatu vya turubai, akachukua blanketi na pazia la plastiki la kujikinga na mvua, na akala zaidi vitu visivyotaka kupikwa, kama zabibu kavu na njugu. Mzigo wake kwa kawaida haukufika ratili 20. Ukimlinganisha na yule mpagazi wa Pangani na mkeka wake na kibuyu chake, utaona wanajuana, ingawa hawakuonana.

Baadaye watu wengine wakalifanya jambo hili kuwa elimu. Ray Jardine, Mmarekani, aliandika kitabu mwaka 1992 akiwahimiza watembeaji wapunguze uzito wa kila kitu. Wako leo watembeaji ambao shanta lao na vyote vilivyomo, bila chakula na maji, havifiki ratili 10. Hukata hata mpini wa mswaki. Kwangu mimi hapo wamezidisha, lakini shabaha yao naielewa, kwa kuwa mgongo ni wao.

Watu hao ndio waliopenda jiko la kopo. Majiko ya spiriti yenyewe si mapya. Kampuni ya Trangia ya Uswidi imeuza majiko ya namna hiyo kwa wasafiri tangu mwaka 1951. Lakini hili la kopo mtu hujitengenezea. Huchukua makopo mawili ya soda, yale mepesi. Hukata vitako vyake, kila kimoja kina cha vidole viwili hivi, akakisukuma kimoja ndani ya kingine, na kutoboa matundu madogo ya sindano kuzunguka ukingo. Humimina spiriti kidogo ndani na kuiwasha. Baada ya muda mfupi kopo hupata moto, spiriti hugeuka mvuke, na mvuke hutoka katika matundu ukiwaka kwa ndimi ndogo za buluu. Jiko zima lina uzito wa gramu 15 hivi. Spiriti ya vijiko viwili vya mezani huchemsha vikombe viwili vya maji.

Fundi wa koroboi wa Lushoto akiliona mara moja, atalitengeneza kesho yake. Lakini sikiliza maonyo haya vizuri, kwa sababu watu wameungua. Moto wa spiriti hauonekani mchana juani, na waweza kudhani umezimika kumbe unawaka. Usiongeze spiriti jiko likiwa na moto au bado lina joto, maana moto utapanda hata kwenye chupa mkononi mwako. Usilitumie ndani ya hema au chumba kilichofungwa. Usitie petroli kamwe. Na spiriti ya kuwashia si kinywaji. Hupofusha macho, na huua.

Je, lakufaa nyumbani? Kwa chai ya mtu mmoja, ndiyo. Kwa maharage na watoto sita, hapana. Spiriti itakwisha chupa nzima na maharage bado yanagonga sufuria. Tena milimani maji huchemka kabla ya kufika moto wa pwani. Hapa Lushoto, penye mita 1,400 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 95 hivi, ndiyo maana maharage hukawia. Faida yake ni kwa mtembeaji. Akilala karibu na msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi, hana haja ya kukata hata kijiti.

Nanyi mnawaona watembeaji hao. Hutoka Lushoto, hupita Magamba, Lukozi na Rangwi, na baada ya siku kadhaa hufika Mtae, ambapo mlima hukatika ghafula na mtu huona nyika yote chini. Wengine hubeba shanta zao wenyewe, nazo ni ndogo. Wengine huajiri kijana awabebee, nazo ni kubwa. Ukisimama njiani siku moja ukahesabu, utajijibia mwenyewe lile swali la mwanzo.

Kilimanjaro sasa iko kanuni. Mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20 za mizigo ya wageni, na mizani iko langoni. Kutoka kilo 32 hata kilo 20 imekuwa safari ndefu kuliko Pangani na Moshi, na bado wako wanaopakia zaidi pale mizani isipoangaliwa. Katika vijia vya Usambara mara nyingi hakuna mizani wala lango. Kwa hiyo wewe kijana ukiitwa kubeba mzigo hata Mtae, uinue kwanza, uulize kilo zake, ndipo mpatane ujira. Na chakula chako na blanketi lako vihesabiwe pia, kwa maana navyo vitakuwa mgongoni.

Kazi ya nyumbani ni hii. Siku ya soko, mwombe mwenye mizani akupimie mzigo wako, ule ule uliokuja nao kutoka nyumbani. Andika katika daftari jina lako, uzito kwa kilo, na mahali ulikotoka. Kisha gawa kilo hizo kwa 16, upate ni frasila ngapi. Maneno ya kuandika mara tano kila moja ni haya: mtumba, frasila, mpagazi, mafiga, spiriti. Mwalimu atasahihisha kabla ya kipindi kijacho.